Waliosimama kwenye picha

Mpiga picha alifika saa nne asubuhi, akatupanga mbele ya bango lenye nembo yetu, akarudi nyuma hatua tatu na kusema, "Mko wachache, tena mmefanana." Hakuwa na nia mbaya. Alisema alichokiona: watu tisa, koti na miwani, sita kati yao mawakili. Ilikuwa mwaka 2015. Tulikuwa tunaandaa ripoti ya mwaka, na mkurugenzi alitaka picha ya ukurasa wa pili, ule ambao mfadhili huutazama kabla hajazama kwenye hesabu.

Basi tukaongeza watu. Mama wa chai akaitwa kutoka jikoni, akavua aproni na kujifuta mikono. Mzee wa getini akapanda ghorofa tatu, akafika akihema. Kwenye benchi la karibu na mlango walikuwa wameketi wahamasishaji wetu watano waliotoka Kwale na matatu ya alfajiri, wakisubiri kurudishiwa nauli. Nao wakaambiwa wasimame nyuma, warefu katikati. Kamera ikalia mara nne. Kisha mama akarudi kwenye sufuria yake, mzee akateremka getini, na wale watano wakarudi kwenye benchi, maana mhasibu alikuwa hajafika.

Chini ya picha paliandikwa "Wafanyakazi wetu". Niliyaandika mimi maneno hayo. Pichani tulikuwa kumi na sita. Kwenye orodha ya mishahara tulikuwa tisa.

Shirika lenyewe silitaji, kwanza kwa kuwa bado nina marafiki humo, pili kwa kuwa mengi nitakayoyasimulia yalipita mikononi mwangu. Lilikuwa shirika la haki za binadamu la kadiri hapa Mombasa. Tulishughulikia watu wanaozuiliwa bila kufikishwa kortini, migogoro ya ardhi, na wale wasiokuwa na uraia wa nchi yoyote. Mimi nilikuwa afisa wa mipango, na kwa kuwa hatukuwa na mtu wa kushughulikia wafanyakazi, mambo ya ajira yaliniangukia.

Mkenya ukimtajia ujumuishaji kazini, jambo la kwanza atahesabu makabila, kimyakimya, kwa kusoma majina ya pili. Tumelelewa hivyo, na sheria nayo imetia mkono. Baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa 2007 ilitungwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, inayosema kwamba taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Katiba ya 2010 ikaja na kipimo chake cha jinsia: katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, jinsia moja isizidi theluthi mbili. Bunge lenyewe limeshindwa kukitimiza. Septemba 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alimshauri Rais alivunje kwa sababu hiyo hiyo, na halikuvunjwa.

Sheria hizo hazikutungwa kwa ajili ya kashirika kama ketu, lakini tulijipima nazo, na kusema kweli tulijipima kwa raha. Wanawake watano kati ya tisa. Makabila sita. Nilichora jedwali lenye rangi, likaingia kwenye ombi la ufadhili, na fedha zikaja.

Kuna hesabu nyingine, ambayo hapa Mombasa haiandikwi lakini kila mtu anaijua: nani mtu wa bara na nani mtu wa pwani. Saba kati yetu tisa tulikuwa wa bara, wenye shahada za Nairobi. Wenyeji wa Kwale, Kilifi na Tana River, watu ambao kila ombi la fedha lilitaja shida zao kuanzia aya ya kwanza, walikuwa kwenye benchi. (Mimi mwenyewe sijui niwekwe upande gani. Nimezaliwa Changamwe, wazazi wametoka Machakos. Nikienda Machakos naitwa mpwani kwa jinsi ninavyoongea, nikirudi hapa naambiwa mtu wa bara kabla sijafungua mdomo.)

Mmoja wa wale watano alikuwa kijana wa Makongeni, kule Msambweni. Nitamwita Kaka, ndivyo nilivyozoea kumwita. Kaka ni Mmakonde. Wamakonde wengi wa Kwale ni watoto na wajukuu wa watu waliotoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 ukawakuta hapa, ukawapita. Walizaa, wakazika, wakachonga vinyago vinavyouzwa kwa watalii Diani, na hawakuwa na kipande, yaani kitambulisho cha taifa. Bila kipande huna laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo huna M-Pesa. Huna akaunti ya benki. Mtoto wako anazaliwa, cheti chake cha kuzaliwa kinakuwa kesi, na bila cheti, siku hizo, kuandikishwa kwa mtihani wa darasa la nane kulikuwa kesi nyingine. Kaka alikwamia hapo hapo.

Alikuwa hodari kuliko sisi sote. Alijua nyumba ipi ina mtoto asiye na cheti, mzee yupi wa mtaa anataka kitu kidogo kabla ya kusaini, naibu chifu yupi anafika ofisini Jumanne tu. Sisi tulimpa nauli. Na kwa kuwa hakuwa na laini, nauli yenyewe tulimtumia kwa simu ya jirani yake, aliyekata shilingi hamsini "za maji" kila mara. Niliwahi kumuuliza mkurugenzi mbona tusimwajiri. Akanitazama kwa huruma. Tutamwajirije mtu asiye na pin ya KRA ya mlipa kodi, asiye na NSSF ya pensheni wala NHIF ya bima ya afya? Alikuwa sahihi kabisa kisheria. Tulikuwa shirika linalowatetea watu wasio na vitambulisho, na mtu asiye na kitambulisho hakuweza kufanya kazi kwetu.

Oktoba 2016 Wamakonde waliamua kwenda kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais. Mashirika kadhaa yaliwasindikiza, nasi tukiwa mkiani na chupa za maji. Wazee kwa vijana, ndala mguuni, barabara kuu ya Mombasa, malori yakipita sentimita chache kutoka kwenye mabega yao. Walifika Ikulu, Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho, na Wamakonde wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka uliofuata Kaka aliingia ofisini na kipande chake kwenye mfuko wa shati, akakizungusha meza kwa meza. Mama wa chai akapiga vigelegele. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Miezi michache baadaye tulitangaza nafasi: Afisa wa Jamii, Kwale. Tangazo nililiandika mimi, yaani nilikopi la zamani na kubadilisha tarehe. Shahada ya sheria au sayansi ya jamii. Uzoefu wa miaka mitatu. Kiingereza fasaha cha kuandika na kuzungumza. Leseni ya kuendesha gari ni faida zaidi.

Barua zilipita mia moja. Ukiwa na barua mia moja na siku mbili, unachuja kwa kitu kinachoonekana upesi, na kinachoonekana upesi kuliko vyote ni shahada. Barua ya Kaka ilikuwa ya mkono, kwenye karatasi ya mistari, ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe. Juu kabisa alikuwa amebana nakala ya kipande. Tangazo halikuitaka nakala hiyo. Aliiweka juu kwa sababu ndiyo karatasi aliyoihangaikia maisha yake yote, na alidhani ndiyo iliyokuwa ikimzuia. Niliiweka kwenye rundo la hapana. Sidhani kama nilitumia hata sekunde ishirini.

Serikali ya Kenya ilimkubali mtu yule kabla yetu.

Tulimwajiri dada mmoja kutoka Nairobi, mwenye shahada, mchapakazi, sina la kumlaumu. Wiki yake ya kwanza kule Msambweni alihitaji mtu wa kumzungusha vijijini na kumtambulisha kwa wazee. Akapewa Kaka. Kwa nauli.

Nilipouleta mjadala huo kwenye kikao, mhasibu alicheka na kusema mganga hajigangi. Wote tukacheka. Methali ile ilitufaa kama blanketi asubuhi ya baridi, unajifunika na kugeukia upande wa pili. Hata Februari 2019, ripoti ya wataalamu wa nje walioitwa na Amnesty International wenyewe ilipofichua mazingira ya kazi yenye sumu ndani ya shirika hilo kubwa lililoanzishwa London mwaka 1961, pamoja na uonevu, kudhalilishwa mbele za watu na madai ya ubaguzi, tuliisoma ofisini kama watu wanaosikiliza ugomvi wa jirani ukutani. "Hao ni wazungu," mmoja wetu akasema, akaendelea kunywa chai aliyoletewa na mama ambaye hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua jina lake la ukoo.

Sasa nije kwenye ngazi, maana ngazi ndizo zilizotubadilisha, kuliko warsha zote.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu katikati ya mji, jengo la zamani, lifti hakuna. Katika kamati yetu ya ushauri alikuwemo dada wa Likoni anayetumia kiti cha magurudumu. Siku ya kikao alivuka feri, akachukua tuktuk, akafika chini ya jengo na kupiga simu. Tukamshukia. Tulipanga viti vya plastiki kwenye ujia kando ya duka la vitambaa, tukafanya kikao hapo, wateja wakitupitia na majora begani. Tulijivunia sana unyenyekevu huo, na mara mbili tuliuandika kwenye ripoti. Kikao cha nne akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mnanishukia kama malaika. Halafu nikishaondoka mnapanda juu kumalizia kikao." Ilikuwa kweli. Bajeti ilijadiliwa juu, na nani aajiriwe ilijadiliwa juu. Chini tulileta salamu na ajenda ya kusikiliza maoni. Hata kwenye ile picha ya ukurasa wa pili hakuwemo, kwa sababu ilipigwa juu.

Kifungu cha 54 cha Katiba tulikijua kwa moyo, pamoja na ile asilimia 5 ya nafasi za umma kwa watu wenye ulemavu. Tuliwahi kukitumia kuibana serikali ya kaunti kuhusu jengo lake. Tulichokosa ni mtu wa kuja kutubana sisi.

Mwaka 2018 tulihamia nyumba ya chini kabisa, mtaa wa Tudor, yenye uwanja na mwembe. Tukasema tumemaliza. Siku ya kwanza dada yule akaingia vizuri mpaka ukumbini, akazunguka, akaenda chooni, akarudi. Hakuwa ameingia. Fundi alipima mlango wa choo: sentimita 61. Kiti chake: sentimita 66. Ilichukua siku mbili na shilingi elfu kumi na nane kubomoa na kupanua, na mwenye nyumba alinung'unika hadi mwezi wa sita. Hebu fikiria, mtu anaitwa kwenye vikao vya saa sita na ofisi inampa chai vikombe vitatu, na mlango wa choo unamshinda kwa sentimita tano.

Wakalimani wa lugha ya ishara nao walituletea vita na mhasibu. Tulikuwa na mafunzo Kilifi kwa wanawake viziwi kuhusu kuripoti dhuluma polisi, na bajeti ilionyesha wakalimani wawili. "Wawili wa nini? Mmoja akichoka si apumzike?" Mkalimani mmoja akamwomba asikilize taarifa ya habari ya redio kwa Kiingereza na kuirudia kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila kusimama, dakika tano tu. Alifika dakika ya pili akiwa anatoka jasho. Wakamweleza kwamba wao hupokezana kila baada ya dakika ishirini hivi, kwa sababu baada ya hapo akili inaanza kuacha maneno, na maneno yanayoachwa ni ya yule kiziwi. Alitia saini. Tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote: hakuna wakalimani wawili, hakuna hundi.

Kisha lugha. Vikao vyetu vya Jumatatu vilikuwa kwa Kiingereza, eti kumbukumbu zinakwenda kwa wafadhili. Ofisi ipo Mombasa, kila mtu ndani yake anaota kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, Katiba inasema Kiswahili ni lugha rasmi sawa na Kiingereza, na sisi Jumatatu tunakohoa kwa lugha ya watu. Tulipobadilisha, mwezi wa kwanza ulikuwa kichekesho. Wakili wetu mkubwa, mtu anayewatetemesha mahakimu, alisimama katikati ya sentensi kama feri iliyozimika katikati ya mkondo wa Likoni, akitafuta neno "uwajibikaji". Dereva ndiye aliyempa. Dereva huyo alikuwa nasi miaka saba, na nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akisema jambo kikaoni. Wiki ya pili alieleza kwa nini mashahidi wa Kinango hawafiki kortini: tunawachukua saa kumi na moja alfajiri mbele ya macho ya kijiji kizima, na gari lina nembo. Tulikuwa tumelipa mshauri kutafiti jambo hilo.

Kiswahili nacho si dawa ya kila kitu. Mama mmoja wa Ki-Orma kutoka upande wa Garsen alinyamaza kwenye vikao vya Kiingereza, akanyamaza na kwenye vya Kiswahili, maana watu wa mji walikuwa wanatabasamu akikosea ngeli. Hilo hatukulitatua. Tulimpa nafasi ya kusema kwanza, kabla watu hawajaanza kutamba kwa methali, ikasaidia kidogo.

Vikao vya saa saba Ijumaa vilifutwa kwa sekunde moja siku mtu alipouliza kwa sauti kwa nini Waislamu hutoka katikati. Miaka yote ile hakuna aliyekuwa ameuliza.

Nafasi ya Kwale ilipokuwa wazi tena, nililiandika tangazo upya, mstari kwa mstari, nikijiuliza kila sharti linamlinda nani. Shahada ikatoka. Ikaingia: awe amewahi kumsaidia mtu kupata cheti cha kuzaliwa au kitambulisho, na aeleze hatua kwa hatua alivyofanya. Kwenye bodi likazuka neno "kushusha viwango". Mjumbe mmoja, mtu mwema, alisema wafadhili watatuonaje. Tulibishana saa mbili. Kilichomaliza ubishi ni dada wa Likoni, ambaye sasa aliweza kuingia kwenye chumba cha bodi, aliyeuliza ni viwango vya kazi gani hivyo, ya kuandika ripoti au ya kupata vitambulisho.

Mahojiano tuliyafanya Msambweni chini ya mkorosho, kwa Kiswahili. Tuliwapa wote kesi moja: binti wa miaka kumi na saba, baba hajulikani, mama hana kipande, shule inataka cheti. Kijana mmoja mwenye shahada alitusomea kifungu cha 12 cha Katiba bila kukosea nukta. Kaka alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Alizaliwa nyumbani au hospitali?" Tukajibu nyumbani. "Mkunga yu hai?" Akaendelea hivyo, swali kwa swali: kadi ya kliniki, mzee wa mtaa, naibu chifu, siku ya kwenda, siku ya kutokwenda, namna ya kumwandaa mama kabla ya kupigwa msasa, yaani kuhojiwa kuhusu asili yake, ili asiogope akiulizwa babu yake alizikwa wapi. Tulisahau kuandika alama.

Alipata kazi. Mkataba, pin, NSSF, NHIF, mshahara kwa laini yenye jina lake. Ripoti zake alizirekodi kwa sauti kwenye simu na mwanagenzi akaziandika. Tulipiga picha mpya ya ukurasa wa pili, chini ya mwembe, na safari hii kila aliyesimama alikuwa kwenye orodha ya mishahara, mama wa chai akiwemo, na dada wa Likoni yuko mbele katikati.

Miaka miwili. Kazi ya Kaka ililipwa na fedha za mradi. Kazi yangu, ya mkurugenzi, ya mawakili, ililipwa kutoka kwenye mfuko mkuu. Tofauti hiyo haikuwa imeandikwa kwenye tangazo wala haikuonekana kwenye jedwali langu la rangi. Mradi ulipoisha mwaka 2020, walioondoka walikuwa watatu: yeye, mama wa Garsen, na mwanagenzi aliyekuwa akiandika ripoti zake. Hakuna aliyewachagua. Ni mistari yao ya bajeti iliyofika mwisho. Barua zile nilizichapa mimi pia, tatu zenye maneno mamoja, nikibadilisha majina.

Kaka hakukasirika, au hakunionyesha. Alirudi Makongeni, na bado watu wanampelekea kesi zao. Wakati mwingine ofisi humpigia simu kuuliza mzee gani yuko wapi. Safari hii nauli inapita kwenye laini yake mwenyewe.

Mwaka uliofuata niliombwa kutafuta picha ya ripoti. Nikaambiwa nitumie ile ya mwembe, kwa kuwa imependeza na ina kila mtu. Niliiweka, na chini yake nikaandika: "Wafanyakazi wetu, na waliokuwa wafanyakazi wetu." Nakala iliporudi kutoka kwa mhariri, nusu ya pili ilikuwa imefutwa, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: nafasi haitoshi.